Kupimwa Utumbo Mpana

(Maneno ya somo la redioni kwa madarasa ya watu wazima, kama yalivyosomwa na Afisa Elimu.)

Walimu wa madarasa, natumaini redio inasikika barabara huko mliko, na waliokaa nyuma wamekwisha sogea karibu.

Katika somo lililopita tulisoma barua ya kuomba mbegu. Leo tutasoma karatasi ya namna nyingine, yaani karatasi ya hospitali. Ni ile anayopewa mtu anayekwenda kupimwa utumbo mpana kwa mpira. Kipimo chenyewe madaktari hukiita kolonoskopi, lakini jina hilo si lazima mlishike. Nimechagua habari hii kwa sababu watu wengi wanakiogopa kipimo hiki pasipo kukijua, na kwa sababu nimeona kwa macho yangu jinsi karatasi moja isiposomwa inavyoweza kuharibu kazi yote ya daktari.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni, kwa herufi kubwa: UTUMBO. HALULI. KINYAMA. SAINI. Wanafunzi wayasome kwa sauti, kisha wayaandike katika daftari.

(Hapo somo lilisimama ili madarasa yasome.)

Vema. Basi tuanze na utumbo. Chakula ukila hushuka tumboni, kisha huingia katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima urefu wake ni kama mita 6. Humo mwili huchukua nguvu ya chakula. Mabaki huingia katika utumbo mpana, wenye urefu wa kama mita 1 na nusu, nao huyanyonya maji yakawa choo. Utumbo mpana huanzia chini upande wa kuume, karibu na kibole, hupanda, hukatisha tumbo chini ya mbavu, kisha hushuka upande wa kushoto mpaka njia ya haja kubwa. Mwalimu, ukiwa na kamba ya mita moja na nusu, iweke juu ya tumbo lako kwa njia hiyo, darasa lione. Najua watacheka, waache wacheke.

Ndani ya utumbo huo, hasa mtu akikaribia miaka 50, pengine huota vinyama. Kinyama hufanana na uyoga mdogo; kimoja kina shina, kingine kimelala bapa. Daktari hukiita polipu. Vingi havina madhara. Lakini baadhi yake vikiachwa hukua polepole, na baada ya muda, mara nyingi miaka 10 au zaidi, hugeuka saratani, ugonjwa ambao wengine huuita kansa. Na muda wote huo kwa kawaida haviumi. Mtu analima, anacheza ngoma, anaoza binti zake, wala hajui. Basi hiyo ndiyo sababu ya kumpima mtu ambaye hajisikii ugonjwa wowote: kikikutwa kinyama kabla hakijageuka, hukatwa papo hapo, na saratani ambayo ingetoka katika kinyama kile haitoki tena.

Zamani ilisemwa kuwa huu ni ugonjwa wa Wazungu, na haikusemwa bure. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda tangu 1946 hata 1966, aliona kuwa saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu sana kwa Waafrika aliowatibu. Alifikiri sababu ni chakula chetu cha makapi mengi, kinachopita tumboni upesi. Lakini sasa watu wetu wanaishi miaka mingi zaidi, chakula kimebadilika, na madaktari wa Afrika ya Mashariki wanaiona saratani hii zaidi kuliko alivyoiona yeye. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema kwamba dona na mchicha vimemkinga kabisa.

Nchi nyingine huwaita watu wazima wapimwe hata wakiwa wazima. Marekani, mwaka 2021, umri wa kuanza ulishushwa kutoka miaka 50 hadi 45. Uingereza mtu hupelekewa kichupa nyumbani kwa posta. Huchovya kijiti katika choo chake, hukirudisha, na maabara hutafuta damu isiyoonekana kwa macho. Ikionekana damu, ndipo huitwa kwa kipimo cha mpira. Kwetu Tanzania kipimo hiki hufanywa katika hospitali kubwa, kama Muhimbili, KCMC na Bugando, na mara nyingi anayefika kule tayari ana dalili: damu katika choo, au choo kilichobadilika kwa majuma kadhaa, au kukonda pasipo sababu, au upungufu wa damu usioelezeka.

Mpenzi wa kandanda atamkumbuka Pelé wa Brazil. Mwaka 2021 alikwenda kupimwa kwa desturi tu, na uvimbe ukaonekana katika utumbo mpana upande wa kuume. Alipasuliwa mwezi wa Septemba mwaka ule, lakini ilikuwa saratani tayari, akafa tarehe 29 Desemba 2022, akiwa na miaka 82. Wala hakuwa mtu wa kukosa nauli ya kwenda hospitali. Kilichopungua hapo ni wakati.

Sasa nitawaeleza habari ya nyumbani kwetu, nayo si ya kunisifu.

Baba yangu mdogo ni seremala. Alikuwa na miaka 58 alipoanza kuona damu chooni. Akasema ni bawasiri, akanywa mwarobaini mwaka mzima. Damu haikukoma. Shangazi ndiye aliyeniambia, maana kwa mwanamume kumweleza binti wa kaka yake habari za choo ni jambo zito. Nikampeleka hospitali. Hospitali yenyewe sitaitaja. Mwuguzi alikuwa na watu wengi na haraka nyingi, akatupa karatasi na pakiti 4 za dawa, akasema, "Maelezo yote yamo humo."

Nikamwuliza, "Baba, utaisoma?" Akanijibu, "Nitaisoma, mwanangu."

Wasikilizaji, nilijua. Nina diploma ya chuo kikuu, kazi yangu ni elimu ya watu wazima, na nilijua vizuri kuwa baba yangu mdogo hajui kusoma. Lakini niliona vibaya kumwaibisha, naye aliona haya kuniambia. Akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni mwa shati, tukaagana kituo cha basi.

Siku zile tatu alikula kama kawaida. Usiku wa mwisho akala makande, ashibe kwa ajili ya safari. Dawa akanywa pakiti 1 tu, akidhani zile 3 ni za siku zitakazofuata. Alfajiri akapanda basi. Daktari alipoingiza mpira hakuona ila maharage na mahindi. Wakamtoa, wakamwambia arudi baada ya majuma 6, kwani zamu za karibu zilikuwa zimejaa. Majuma 6 yale damu iliendelea, nami usiku nilikuwa nikihesabu.

Basi mara ya pili alikuja kwangu siku 4 kabla, na kila asubuhi nilimsomea karatasi. Nitaisoma na kwenu sasa, polepole, na mwalimu aandike ubaoni. Karatasi za hospitali hazifanani zote, na ya kufuata ni ile uliyopewa wewe, lakini nyingi husema hivi:

"Siku 3 kabla ya kipimo, usile maharage, kunde, mahindi, karanga, mboga za majani, wala matunda yenye mbegu. Kula wali mweupe, mkate mweupe, mayai, samaki au kuku. Siku 1 kabla ya kipimo, usile chakula chochote kigumu. Kunywa maji, chai bila maziwa, na mchuzi uliochujwa. Usinywe kitu chekundu. Saa 12 jioni, anza kunywa dawa. Kunywa glasi 1 kila dakika 15 mpaka lita 2 ziishe. Saa 10 alfajiri, kunywa lita 2 nyingine. Njoo na mtu wa kukurudisha nyumbani."

(Hapo somo lilisimama. Madarasa yalisoma sentensi moja moja, kila mwanafunzi kwa zamu yake.)

Mmesoma vizuri. Sasa tuulize sababu, maana amri isiyo na sababu husahauliwa. Maganda ya maharage na mbegu ndogo, kama za mapera na nyanya, hukwama katika mikunjo ya utumbo na kuficha vinyama. Tena zinaweza kuziba mpira. Kitu chekundu, mathalani juisi ya rozela au soda nyekundu, hupaka utumbo rangi, na daktari hudhani ni damu. Maji yanywewe mengi kwa sababu haluli hukausha mwili.

Haluli yenyewe ndiyo sehemu ngumu ya kipimo hiki, wala sitawaficha. Watu huogopa mpira, lakini ukimwuliza aliyekwisha pimwa atakuambia habari za haluli. Lita 4 si mchezo. Ladha yake ni chumvi chumvi, ina utelezi. Ikipozwa hunyweka zaidi, na wengine huifyonza kwa mrija. Ukisikia kichefuchefu, pumzika nusu saa uendelee, usiache. Baada ya saa moja hivi utaanza kwenda choo, na utakwenda tena na tena. Haluli haimsubiri mtu. Kama choo kiko nje, weka kurunzi na kandambili karibu na mlango tangu jioni. Mafuta ya mgando yakipakwa njia ya haja kubwa mapema huzuia michubuko. Mwisho wake choo kinapasa kuwa maji matupu, ya rangi ya njano nyepesi kama mkojo. Kikiwa bado cheusi au chenye vipande, mwambie mwuguzi unapofika, usinyamaze.

Mtaona sasa kuwa mtu hawezi kuinywa dawa hii halafu akasafiri saa nyingi ndani ya basi. Anayetoka mbali atafute mahali pa kulala karibu na hospitali, kwa ndugu au nyumba ya wageni, penye choo asichogombania na watu kumi.

Tena, asiende mtu dukani kujinunulia chumvi ya haluli na kujipimia mwenyewe. Mwenye ugonjwa wa figo, wa moyo au wa sukari, mama mja mzito, na anayekunywa dawa za kufanya damu iwe nyepesi, amwambie daktari siku ile ile anapopewa karatasi, naye atapanga dawa zake. Hata vidonge vya kuongeza damu vitajwe, kwani hufanya choo kuwa cheusi, na mara nyingi huachwa siku kadhaa kabla.

Siku ya kipimo baba mdogo alifika na njaa, lakini tumbo safi. Kwanza aliletewa karatasi ya kukubali. Hilo ndilo neno letu la nne, SAINI. Karatasi hiyo husema kuwa umeelezwa kipimo na hatari zake. Hatari zipo: mpira unaweza kutoboa utumbo, jambo linalotokea kwa chini ya mtu 1 katika watu 1,000 wanaopimwa bila dalili, na damu inaweza kutoka baada ya kinyama kukatwa. Mwenye haki ya kuuliza ni wewe kabla hujatia saini. Baba mdogo alitia dole gumba, lakini baada ya kunifanya nimsomee kila mstari, hata jina la kiwanda cha uchapaji lililokuwa chini kabisa.

Kisha alivaa nguo ya hospitali iliyo wazi nyuma. Hapo ndipo wanaume wengi hushikwa na aibu, na wanawake pia. Mwili hufunikwa shuka, huachwa mahali padogo tu panapohitajiwa. Mama anayetaka awepo mwuguzi mwanamke na aseme. Ombi hilo si la ajabu. Daktari amekwisha ona matako mengi, wazee wangu mniwie radhi kwa neno hilo, naye hatakumbuka ya nani ni ya nani.

Aliwekewa sindano mkononi, na kibanio kidogo katika kidole cha kupima pumzi na mapigo ya moyo. Hospitali nyingi hutoa dawa ya kulegeza mwili na kutia usingizi mwepesi. Nyingine hupima mgonjwa akiwa macho. Uliza mapema. Akalazwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kuelekea kifua. Daktari hutangulia kupapasa kwa kidole chenye glavu na mafuta, ndipo huingiza mpira. Mpira huo ni laini, hupinda, unene wake ni kama wa kidole, na kwenye ncha una taa na kamera ndogo. Picha huonekana katika kioo kama cha televisheni.

Ili utumbo ufunguke, huingizwa hewa. Nilimwuliza baba mdogo alisikia nini, maana yeye hakulala kabisa. Akasema, "Nilisikia tumbo limejaa kama ngoma, na haja kubwa imenishika, na hakuna kitu." Ndivyo ilivyo. Hewa huleta msokoto, hasa mpira unapopita kwenye kona. Mwuguzi pengine hubonyeza tumbo, au hukwambia ugeuke chali. Ukivuta pumzi polepole hupungua. Ukiumia sana, sema. Daktari ataupumzisha mpira au atakuongezea dawa. Hewa ikitaka kutoka iache itoke. Neno lenyewe mnalijua, nalo katika chumba kile si utovu wa adabu.

Mpira hufika mpaka mwanzo wa utumbo mpana, kisha hurudishwa polepole, na wakati wa kurudi ndipo daktari hutazama kwa makini kila mkunjo. Yote huchukua kama nusu saa, pengine zaidi. Akiona kinyama, hupitisha kitanzi chembamba cha waya ndani ya mpira, hukikaza kwenye shina, na kwa moto wa umeme hukikata. Hilo haliumi, kwani ngozi ya ndani ya utumbo haisikii kukatwa kama ngozi ya nje.

Kwa baba mdogo walikuta viwili. Kimoja kilikuwa kama punje ya mtama, cha pili kama karanga, nacho ndicho kilichokuwa kikitoa damu. Vyote vikakatwa, vikapelekwa maabara. Akapumzika saa moja, akanywa chai, akatoa upepo mwingi, jioni ile akala ugali. Aliyepewa dawa ya usingizi asiendeshe gari wala pikipiki, asishike msumeno, wala asitie saini mkataba wowote, mpaka saa 24 zipite. Ndiyo maana karatasi husema uje na mtu. Damu kidogo katika choo cha kwanza isikutishe kama ulikatwa kinyama. Lakini tumbo likiuma sana na kuwa gumu, ukipata homa, damu ikitoka nyingi, au ukisikia kizunguzungu, rudi hospitali wakati ule ule, hata kama ni usiku wa manane.

Majibu yalichukua majuma 3. Kile kikubwa kilikuwa kimeanza kubadilika, lakini hakijawa saratani. Akaambiwa arudi baada ya miaka 3. Daktari akaniuliza ana ndugu wangapi wa tumbo moja, kwa sababu ndugu na watoto wa mtu mwenye kinyama cha namna ile wako katika hatari zaidi, nao hushauriwa wapimwe mapema.

Kaka yake ni baba yangu. Alikataa miezi miwili. Alisema hana maumivu, hana damu, na anayemtafuta mchawi humpata. Aliyemgeuza si mimi. Ni baba mdogo, aliyekuja kwake na karatasi ile ile, imechakaa kwa kukunjwa, akamweleza yote kwa moyo tangu maharage hata upepo. Baba akaenda. Hawakukuta kitu, akaambiwa arudi baada ya miaka 5. Mtu asiye na habari hiyo katika ukoo wake, akikutwa safi, kwa kawaida hukaa miaka 10.

Sasa kazi yenu. Kila mwanafunzi ainakili ile karatasi katika daftari, na chini yake aandike jibu la swali hili: baba mdogo alikosea mambo gani mara ya kwanza, na mimi nilikosea jambo gani? Mwalimu asisahihishe herufi tu. Asome na majibu. Katika somo lijalo tutasoma stakabadhi ya duka, kwa hiyo kila mtu aje na moja kutoka nyumbani. Kwa herini.